Tupeane uzoefu: mnafungaje folda kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi?

Mwanzisha uzi
Wakuu, salaam. Nasimamia seva ya Ubuntu (mfumo wa Linux) chuoni, walimu na wanafunzi wote wamo humo humo. Juzi mwanafunzi mmoja muungwana alinionyesha rasimu ya mtihani aliyoikuta kwenye folda ya mwalimu wake. Hakuiba nenosiri la mtu. Aliandika ls, amri ya kuorodhesha mafaili, akaliona faili, akalifungua. Folda ilikuwa na ruhusa 755 (tarakimu ya kwanza ni ya mwenye folda, ya pili ya kikundi chake, ya tatu ya watu wengine; 7 ni kufanya yote, 5 ni kuingia na kusoma, 0 ni kukataliwa), na ndivyo Ubuntu ilivyokuwa ikizitengeneza folda za watumiaji hadi toleo la 21.04 lilipohamia 750. Ukipandisha toleo, folda za zamani zinabaki wazi vilevile. Nimezipitishia zote chmod 750 (chmod ni amri ya kubadili ruhusa), kisha nikakagua vikundi, maana walimu na wanafunzi wakiwa kikundi kimoja, hiyo 5 ya katikati inawafungulia wote. Kwenu hali ikoje?

Mchangiaji, Mombasa
Kwetu shida ilikuwa kinyume chake. Wahasibu wana folda ya pamoja, lakini kila faili jipya lilibeba kikundi cha aliyelitengeneza, mwenzake akitaka kulirekebisha anakataliwa. Wakachoka, wakaanza kutumia akaunti moja wote. Hapo roho iliniuma, kwa sababu ukiuliza nani kafuta ankara hupati jibu. Dawa ilikuwa chmod 2770: hiyo 2 ya mbele inafanya kila faili linaloundwa humo lichukue kikundi cha folda. Ongeza na umask 007, yaani mpangilio wa ruhusa zinazoondolewa kwenye mafaili mapya, la sivyo wenzake wanaweza kuishia kusoma tu.

Mchangiaji, Dodoma
Mimi ni wa Windows. Bosi aliyatoa mafaili ya mishahara kwenye folda iliyo wazi, akayahamishia kwenye folda niliyoifunga, diski ileile. Mtu wa kitengo kingine akaandika njia kamili ya faili, likafunguka! Kwenye NTFS, mfumo wa Windows wa kupanga mafaili kwenye diski, ukinakili faili linarithi ruhusa za folda linakoenda, lakini ukilihamisha ndani ya diski moja linaondoka na ruhusa zake za zamani. Halafu Windows kwa kawaida haimzuii mtu kupita kwenye folda iliyofungwa kama anajua njia kamili ya faili. Akifungua folda anakataliwa. Akiliita faili lenyewe, anapewa. Siku hizi kila baada ya kuhamisha nalazimisha mafaili yote yarithi ruhusa upya. Na wale wanaosema "nimeificha folda, inatosha" wananisikitisha sana. Mishahara ni taarifa binafsi za watu, na Tanzania tuna sheria ya kuzilinda tangu 2022.

Mchangiaji, Kampala
Wateja wetu wanapandisha picha kwa SFTP (njia salama ya kutuma mafaili mtandaoni), kila mmoja kafungiwa kwenye folda yake kwa ChrootDirectory, mpangilio wa seva unaomzuia kutoka nje ya folda hiyo. Muunganisho ukikatika mara tu mtu anapoingia, angalia mmiliki: folda hiyo na zote zilizo juu yake ziwe za root (akaunti ya msimamizi mkuu wa mfumo), asiwepo mwingine mwenye ruhusa ya kuandika. Folda ya kupandishia picha itengeneze ndani yake.

Mwanzisha uzi
Asanteni sana wakuu. Wa Mombasa, naongezea hapo kwenye vikundi: ukimtoa mtu kwenye kikundi akiwa bado yumo kwenye mfumo, anaendelea kuingia folda ileile hadi atoke. Mimi namwambia ahifadhi kazi yake, kisha namfungia vikao vyote kwa loginctl terminate-user.