Kioo cha mbele cha Toyota IST kinavuja, fundi anataka kupaka silikoni

Mtabata
Wakuu, poleni na mvua. Nina IST ya 2004. Kioo cha mbele kilipasuliwa na jiwe nyuma ya lori la kokoto, nikabadilishiwa na fundi wa barabarani. Tangu masika yaanze, kapeti la upande wa abiria limekuwa bwawa. Mke wangu anapanda na ndala, viatu vya ofisini kavipakata. Fundi anasema atapaka silikoni kwa juu, elfu kumi na tano, kazi kwisha. Nimpe?

Gundi Nyeusi
Usimpe. Silikoni ya masinki, ile inayonuka siki, inaleta kutu kwenye bati. Halafu ikishapakwa, gundi halisi ya vioo haishiki juu yake mpaka ikwanguliwe yote. Ila kapeti linalowa hata siku za jua ukiwasha AC? Kama ndiyo, ni kibomba cha maji ya AC kimeziba, kioo hakihusiki.

Mtabata
AC ilikufa enzi za mwenye gari aliyepita. Ni mvua tu.

Gundi Nyeusi
Basi zoa majani yote chini ya waipa, yakiziba pale maji huingilia kwenye feni. Kisha mtu akae ndani na tochi, wewe nje na mpira wa maji, bila presha. Anzia chini ya kioo, panda taratibu. Ukianzia juu maji yanateremka kote, hutajua yanapoingilia.

Mtabata
Tumefanya, dogo kashika tochi. Chini pakavu. Kufika kona ya juu kushoto, dogo kapiga kelele. Nimeinua raba ya kioo: fundi karuka kipande, gundi hakuna kabisa, na bati limeshika kutu.

Bibi Spea
Hapo kioo kitoke, mwanangu. Kutu isuguliwe msasa mpaka bati ling'ae, bati lipakwe praima, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ikauke, ndipo gundi ya urethani, ile halisi ya vioo, mstari mmoja usiokatika. Usiku huo gari lilale, dirisha liache wazi kidogo. Ukibamiza mlango madirisha yamefungwa, hewa inasukuma kioo kabla gundi haijashika. Na kapeti ling'oe lote ulianike, sponji ya chini yake haikauki upesi na kuna nyaya zinapita humo.

Mtabata
Asante mama. Fundi nimempigia. Anasema msasa nikanunue mwenyewe, na gundi, na hela ya chai.