Kuchelewa kusajili makazi China: je, nimekosea kuandika «qing you ke yuan»?

Mwanafunzi mgeni:
Shikamooni wakubwa. Nilihama bweni nikapanga chumba, lakini kwa kuwa nilishikwa na homa, nilifika paichusuo (kituo cha polisi cha mtaa) kujisajili siku ya tisa badala ya ndani ya saa 24. Askari aliniagiza nilete barua ya maelezo. Niliandika kwamba kosa langu ni «qing you ke yuan» (情有可原). Aliisoma, akacheka, akanirudishia. Niandike neno gani mahali pake?

Mfanyabiashara, Guangzhou:
Marahaba, mdogo wangu. Neno halina ila. Ila ni kwamba umelisema wewe. Maana yake ni kuwa kosa lipo, lakini ukitazama mazingira yake linasameheka, na hayo ni maamuzi ya anayesamehe, si ya mkosaji. Mimi nilitozwa yuan 500 kwa kuchelewa, ingawa JW202 yangu, ile fomu ya kuombea viza ya masomo, ilikuwa sawa kabisa.

Dada wa Hangzhou:
Kaka, JW202 ni ya viza ya X1, ya masomo ya muda mrefu; haihusiani na usajili wa makazi, tusiwachanganye wageni. Sheria inataka onyo, na inaruhusu kuongeza faini isiyozidi yuan 2,000. Asije pia akakimbilia «wu ke hou fei», kwa sababu hilo husema jambo lenyewe halistahili lawama kubwa, na mbele ya askari litasikika kama ubishi.

Mfanyabiashara, Guangzhou:
Sikusema zinahusiana. Someni asili ya «qing you ke yuan» katika *Hou Hanshu*, kitabu cha historia ya Enzi ya Han ya Baadaye: Huo Xu, kijana wa miaka 15, alimwandikia jemadari Liang Shang kumtetea mjomba wake Song Guang, aliyeshtakiwa kwa kubadili maandishi ya amri za serikali, na humo ndimo alimosema kwamba hali ya kosa lile ilisameheka. Aliyesema ni mpwa, si mjomba.

Mama wa Chengdu:
Hapo umenirudisha Tanga. Kwetu kijana akikosa haendi peke yake. Hutangulizwa mjomba au shangazi, akamwombea radhi huku mwenyewe ameinamisha kichwa mlangoni. Huku tumtangulize nani?

Mwanafunzi mgeni:
Nawashukuru nyote. Natakiwa kurudi kituoni kesho saa tatu asubuhi, na karatasi bado ni nyeupe.

Dada wa Hangzhou:
Usisahau pasipoti na mkataba wa pango.