Tupeane uzoefu: uko katikati ya tasnifu na ari imekata, nini kilikuinua?

Mwanzisha mada
Wadau, habari za kazi. Mada hii ni ya walio katikati ya tasnifu. Pendekezo limepita, data zipo, umebaki wewe na kompyuta, na hamu ya kuandika haipo. Semina za mbinu za utafiti zinatufundisha sampuli na hojaji, ila kwa kipindi hiki hakuna anayekuandaa.

Niko uzamili wa isimujamii, natafiti lugha ya mnada wa samaki pale Feri, Dar es Salaam. Kunukuu rekodi kulinichosha vibaya. Dalali anataja bei kwa kasi, boti inanguruma, wanunuzi wanajibu kwa mpigo. Unarudisha nyuma tena na tena ili upate neno moja tu. Kilichoniinua ni kurudi Feri bila hojaji wala kinasa sauti, kununua samaki basi. Mama mmoja mkaangaji akanisimamisha: "Mwanangu, ile kazi yako imefikia wapi? Mbona kimya?" Alikumbuka hadi maswali niliyomuuliza. Toka hapo nikikwama naenda sokoni kwanza, maktaba baadaye. Kwangu mimi, wale watu ndio wananirudisha mezani kuliko makala yoyote. Ninyi je?

Mdau wa Morogoro
Mkuu, sisi wa kilimo tunategemea mvua. Vuli ikigoma, vitalu vya majaribio vinakauka na unakaa kusubiri masika. Hapo ndipo wenzangu kadhaa waliachia. Mimi sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, niliiandika shambani, mambo yakiwa bado mabichi: nafasi kati ya mistari, tarehe ya kupanda, mbolea kiasi gani kwa kila kitalu. Msimu ulipoharibika nilikuwa na kurasa za kumpelekea msimamizi, na nikajiona bado niko kazini.

Mdau wa Kisumu
Mimi ni muuguzi, nasoma huku nikifanya kazi. Nilichoka kwenye vibali hata kabla ya data: kamati ya maadili, leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi hapa Kenya), ofisi ya kaunti, halafu hospitali yenyewe. Msimamizi naye kimya. Tukaunda kundi la WhatsApp, wanafunzi wachache wa idara tofauti. Jumapili usiku kila mtu anatuma alichoandika, hata aya moja, na wengine wanaisoma kwa makini. Kwa msimamizi niliacha kutuma sura nzima. Natuma maswali mawili, nimeonyesha na ukurasa. Hayo huyajibu.

Mwanzisha mada
Dada wa Kisumu, hilo la maswali mawili naanza nalo leo hii. Mkuu wa Morogoro, asante, sura yangu ya tatu bado ina mapengo ya mambo niliyoyaona kwa macho na sikuyaandika, nitayajaza nikirudi Feri. Wenye watoto wadogo mliomaliza, njooni mtusaidie: mlikuwa mnaandika saa ngapi, na mtoto alikuwa na nani?