Prado 1KZ inachemsha Kitonga, niweke kulanti gani na nianzie wapi?

prado_ya_mzee
Wakuu habari za jioni. Nina Prado ya 1998, injini 1KZ-TE dizeli, niliachiwa na mzee alipostaafu akarudi Mafinga. Hapa Dar haina tatizo hata kwenye foleni, shida ni safari. Wiki iliyopita tunapanda mlima Kitonga kwenda Iringa watu watano na mizigo, AC imewashwa, mshale ambao siku zote unakaa katikati ukaanza kupanda ghafla, nikapaki pembeni, baada ya kama nusu saa nikaongeza maji ya chupa tukaenda mdogo mdogo. Kesho yake nafungua rejeta nakuta maji yana rangi ya kutu kabisa. Mzee anasema miaka yote alikuwa anaweka maji ya bomba na fundi wake alishatoa themostati (valvu inayofunguka maji yakipata moto) ili injini ipoe. Sasa nataka kuweka kulanti (maji ya dawa ya kupozea injini) ya kueleweka, dukani nimeonyeshwa ya kijani, nyekundu na bluu, muuzaji anasema zote moja tofauti ni rangi. Ni kweli? Na nikiweka itaacha kuchemsha? Naogopa hedi (kichwa cha injini) wakuu, nasikia hizi injini hedi zake zinapasuka.

fundi_dizeli
Pole mkuu, na umefanya vizuri sana kupaki mapema, wengi wanasema ngoja nimalize mlima kwanza na hapo ndipo hedi inapokwenda. 1KZ bloku yake ni chuma ila hedi ni alumini, ikipata moto mkali inapinda au inapasuka katikati ya valvu. Halafu huo mshale wa Prado usiuamini sana, umetengenezwa ukae katikati hata joto likipanda na kushuka, ukiuona umeanza kusogea ujue injini tayari ina moto mwingi. Funga geji nyingine ya joto yenye namba, sio gharama kubwa ukilinganisha na hedi.

Kulanti peke yake haitaondoa kuchemsha kama kuna kitu kibovu. Kabla hujanunua chochote fanya hivi: asubuhi injini ikiwa baridi kabisa fungua kifuniko cha rejeta, washa gari, angalia kama kuna mapovu yanatoka mfululizo hayakomi. Ukiona hayo, au ukaona hozi ya juu inakuwa ngumu dakika chache tu baada ya kuwasha wakati maji bado ya baridi, gesi ya silinda inaingia kwenye maji, hapo ni gasketi ya hedi au hedi yenyewe. Usipoona, hamia kwenye feni. Injini ikiwa ya moto izime, zungusha feni kwa mkono, inatakiwa iwe nzito kidogo, ikizunguka kirahisi mizunguko kadhaa ujue feni klachi (kile kinachoishika feni izunguke na injini ikipata moto) imeisha mafuta yake ya silikoni na mlimani haikusaidii kitu. Gari yako mimi naishuku hapo, pamoja na rejeta kuziba.

Na hiyo themostati irudishe, ya Toyota halisi. Watu hawajui kwamba ikifunguka pia inafunga njia ile ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, ukiitoa njia inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji haipoi na ukiwa na mzigo mlimani inachemsha. Wakati wa kufunga, kile kitundu chenye kipini kidogo kikae juu ili hewa itoke.

mtu_wa_makete
Kuhusu rangi, muuzaji amekudanganya kaka. Rangi ni ya kutiwa tu, kila kampuni inaweka inayotaka, cha kusoma ni maandishi nyuma ya galoni. Toyota wanataka ile ya ethylene glycol isiyo na silikati, ndiyo ile nyekundu yao. Za kijani nyingi za zamani zina silikati, na ukichanganya aina mbili dawa za kuzuia kutu zinaweza kuharibiana, wakati mwingine inaganda kama uji. Ile nyekundu nyingi huuzwa nzito, unachanganya nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa (distilled) yasiyo na madini, sio ya bomba na sio ya kisima. Maji ya chumvi kama ya Dodoma yanaacha chokaa ndani ya mirija kama ile unayoiona kwenye birika. Na usiiweke nzito tupu ukidhani ndio bora, maji yanabeba joto vizuri kuliko glycol.

Watu husema Tanzania hakuna barafu kulanti ya nini. Sisi huku sakitu inapiga kweli, lakini hata wewe wa Dar unaihitaji, inazuia kutu, inalinda sili ya wota pampu na inapandisha kiwango cha kuchemka. Ukumbuke Iringa mjini uko juu kama mita 1500, maji matupu bila presha yanachemka kwenye nyuzi 95 tu. Ndiyo maana kifuniko cha rejeta, kinachoshika presha, nacho kikilegea ni balaa, badilisha, bei ndogo.

fundi_dizeli
Amesema vizuri huyo. Ongeza: osha katikati ya rejeta na kondensa ya AC, pale ndani panajaa vumbi, nyasi na wadudu huwezi kuona ukiwa mbele. Maji ya presha ndogo, ukitokea upande wa injini. Ukijaza kulanti nyanyua mbele ya gari, hita iwe kwenye moto, kifuniko wazi, uminye hozi mpaka mapovu ya hewa yaishe.

prado_ya_mzee
Wakuu asanteni sana. Leo asubuhi nimeangalia, mapovu yametoka machache mwanzoni yakakoma, hozi laini. Ila feni jamani inazunguka kama ya mezani. Rejeta nimeipeleka, fundi rejeta kaonyesha mirija kama theluthi imeziba na kwa kuwa vichwa vyake ni plastiki kanishauri ninunue nyingine badala ya kuzibua. Naagiza feni klachi, themostati na kifuniko kwa pamoja, kulanti nitaweka mwisho baada ya kusafisha mpaka maji yatoke meupe. Mwezi ujao nampeleka mzee kliniki Iringa, nitapanda Kitonga na geji mpya nitaleta namba hapa.

dereva_masafa
Ukipanda mkuu zima AC, weka gia ya chini mapema injini izunguke vizuri, wota pampu na feni zinafuata mzunguko wa injini. Ukiona namba inapanda washa hita moto wote madirisha wazi, mtatoka jasho lakini inatoa joto kwenye injini. Na ikichemsha usifungue kifuniko hata kidogo, mwenzangu aliungua kifua na mikono pale Ruaha Mbuyuni, alikaa hospitali wiki tatu.