Naomba ushauri: hadithi yangu ya kutisha inachekesha

MwanaNdosho:
Wandugu, ninaandika hadithi ya kijiji fulani kati ya Mugunga na Sake, karibu na Goma huku Kongo. Bibi kizee mchawi anakula watoto usiku, kijiji kinamkamata. Niliwasomea rafiki zangu, wakacheka. Nikaongeza damu, wakacheka zaidi. Nifanye nini?

YayaKyeshero:
Mdogo wangu, mtoe huyo bibi. Huku kwetu wazee wanasingiziwa uchawi kweli na wengine wanauawa. Tena ukishamtaja mchawi mwanzoni, msomaji ameshamjua adui, anatulia. Hofu ya namna hii inatoka kwa kijiji chenyewe: watu wakarimu, wenye mwiko mmoja ambao hakuna anayeueleza wala kuuvunja.

Na mazuku umeyasahau? Gesi ya kaboniki inatoka ardhini, ni nzito kuliko hewa, usiku usio na upepo inatuama mabondeni. Huioni. Mbuzi anashuka kula majani, hapandi tena. Sasa fikiria kijiji kinachojua bonde ni lipi, na mgeni anatandikiwa mkeka huko, kwa heshima zote.

Chukudu_Birere:
Saa sita mchana hii na mimi naogopa. Ongeza na volkano yetu, Nyiragongo!

YayaKyeshero:
Hapana. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji wa Goma mpaka Ziwa Kivu, kila mtu aliiona. Hilo ni janga, hadithi yake ni nyingine.

MwanaNdosho:
Asante Yaya. Ila nikieleza gesi, si litakuwa somo la kemia?

MuzeeWaBukavu:
Usiieleze hata kidogo. Taa ya petroli ishushwe bondeni, izimike, na mwenye taa asishangae. Basi. Kuhusu damu sikubaliani na rafiki zako: iache, lakini iwe ya mbuzi, mchana, watoto wakicheza pembeni. Na chakula! Mgeni apewe bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, wenyeji wakae naye, wacheke naye, wasionje.

MwanaNdosho:
Nani asimulie? Nilifikiri mgeni.

MuzeeWaBukavu:
Mgeni ndiyo, anauliza maswali ya msomaji.

YayaKyeshero:
Muzee, hapo umekosea. Mgeni akisimulia, tunajua mapema kuwa yeye ndiye windo. Asimulie binti wa pale, wa miaka kumi na miwili hivi, anayetumwa kutandika ule mkeka. Hapo tutasoma mpaka mwisho tukitaka kujua kama atamwambia.