Miezi minne nimeacha soda na chapati, natembea kila jioni, mizani imegoma. Nakosea wapi?

MamaBanda ameandika:

Habarini wana jukwaa, shikamooni wakubwa. Naandika miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi, mkiona herufi zimerukaruka mnivumilie.

Nina miaka 41. Kazi yangu mama lishe, nina banda karibu na kijiwe cha bodaboda hukuhuku Kimara. Mwezi wa kwanza nilienda zahanati kwa ajili ya kichwa, kinaniuma huku kisogoni, wakanipima presha ikaja 150 kwa 95. Wakaniambia nirudi baada ya wiki, ikaja vilevile. Daktari, kijana mdogo mwenye adabu zake, akanipandisha kwenye mizani: kilo 86, na urefu wangu ni mita 1.58. Akasema, "Mama, tuanze na uzito na chumvi kabla sijakuandikia vidonge." Nikatoka pale nimeazimia kwelikweli.

Niliyofanya ni haya, na sidanganyi. Soda nilikuwa nakunywa mbili kwa siku, nimeacha tangu wiki ileile. Chapati za asubuhi nimeacha, na mnajua ugumu wake kwa mtu anayezipika mwenyewe saa kumi na moja alfajiri, zinashuka kwenye chuma zinafuka mvuke namna ile. Badala yake nakunywa uji wa lishe bakuli moja kubwa, nauwekea asali, sukari hapana. Sembe nimeacha, nakula dona. Saa nne njaa ikinibana natafuna karanga. Jioni mboga za majani na parachichi. Chumvi nimepunguza hadi wateja wamelalamika, sasa naweka kopo la chumvi mezani kila mtu ajitilie.

Mazoezi je? Siku ya kwenda Kariakoo kufuata mchele na viungo, kurudi napanda basi la mwendokasi nashuka Baruti, vituo vitatu kabla ya kwangu, napiga mguu hadi Kimara Mwisho. Siku nyingine nazunguka mtaani dakika arobaini. Jumamosi niko na kikundi cha mchakamchaka, tunaanza saa kumi na mbili asubuhi, tunaimba mpaka watu wanafungua madirisha kutusonya.

Juzi nikapanda mizani ya yule kijana wa barabarani, ya shilingi mia mbili. 85 na nusu! Miezi minne, nusu kilo, hiyo si ni kandambili tu na simu? Nikamwambia mizani yako mbovu. Akanijibu, "Mama panda tena, ya pili bure." Nikapanda. Ileile.

Mume wangu anasema ni ukoo, mama zangu wadogo wote wanene, niache kujitesa. Sasa nauliza waliopita njia hii: ndiyo umri, mwili ukifika arobaini unakataa? Au kuna kitu mimi sikioni?

---

Kitambi_Temeke:

Pole dada. Swali moja tu: huo mchakamchaka mkimaliza, mnakula nini? Kikundi chetu tukipiga kilomita sita tunaishia kwenye supu. Bakuli la kongoro, chapati mbili, na soda "ya kurudisha nguvu". Mwaka wa tatu huu nakimbia, na kitambi nacho kinakimbia na mimi, hakijawahi kuchelewa hata Jumamosi moja.

---

AfyaNjema_Asili:

Dada kuna chai ya majani ya asili kabisa haina kemikali, inakata tumbo na manyama uzembe, kilo 7 ndani ya wiki mbili, wengi wametoa ushuhuda. Nitafute inboksi.

---

NesiMstaafu:

Marahaba mwanangu MamaBanda.

Nianze na huyu wa chai kabla hajamaliza watu. Mengi ya hayo majani ya kukata tumbo ukiyachunguza yana sanamaki ndani, na sanamaki ni dawa ya kuharisha. Utakwenda chooni mara sita, maji yatatoka, mizani itashuka, utafurahi. Ukinywa maji ya kutosha kesho yake inapanda. Mafuta hayajaguswa. Na mtu mwenye presha akipoteza maji na chumvi za mwili namna hiyo anaweza kuanguka. Usiende inboksi.

Sasa uji. Nimekaa kliniki ya mama na mtoto miaka mingi. Unga wa lishe, ule wenye mahindi, soya na karanga, tulikuwa tunawaelekeza akina mama wawapikie watoto ambao mstari wao kwenye kadi umelala, haupandi. Tuliupenda kwa sababu unanenepesha! Wewe una kilo 86 unakunywa bakuli kubwa kila asubuhi na asali juu yake. Hiyo asali nayo, kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 60, wakati kijiko hichohicho cha sukari kina kama 50. Nyuki katengeneza vizuri, lakini mwilini ni sukari.

Dona umefanya vizuri, linasaidia choo na linakaa tumboni. Ila bonge la dona na bonge la sembe la ukubwa uleule yanakaribiana sana kwa nguvu. Usiongeze bonge kwa sababu jina limebadilika. Karanga nazo ni chakula kizuri, lakini gramu 100 zina kalori zaidi ya 550, na sijawahi kuona mtu aliyefungua mfuko wa karanga akala kiganja kimoja akafunga. Kwa uzito wako, matembezi ya dakika arobaini yanachoma kama kalori 200. Viganja viwili vya karanga vimeshayameza matembezi yote, na chenji hubaki tumboni.

Hapo ndipo wengi tunapokwama. Tunabadilisha chakula kibaya kwa kizuri, lakini hatupunguzi. Mwili hauulizi kama ni kizuri.

Halafu kuna mambo ya kuangalia hospitali, kwa sababu si kila anayekwama amekosea jikoni. Unachoma sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu? Baadhi ya wanawake inawaongezea uzito. Usiiache kimyakimya, nenda mkazungumze njia nyingine. Unasikia baridi wakati wenzako wanajipepea, unachoka, choo kigumu, ngozi imekauka, hedhi nzito? Waambie wapime homoni ya tezi ya shingoni, ni kipimo cha damu. Hedhi inaruka miezi na vinyweleo vinaota kidevuni? Taja na hilo, usione haya. Na je, kuna vidonge vya kiuno au magoti ulivyopewa duka la dawa bila cheti? Vingine vina dawa kama prednisolone, inafungua njaa na kujaza uso.

Na la mwisho: miguu iko kwenye beseni kwa uchovu au imevimba? Bonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo hesabu hadi kumi, ukiachia ukaona shimo limebaki, nenda kesho. Presha hiyo rudi ukapime hata kama mizani haijasogea. Vitu viwili tofauti hivyo.

---

FundiTepu:

Mimi fundi cherehani, naongea ninachokiona. Mizani mbili tofauti usizilinganishe. Ya zahanati ulipanda asubuhi na dera, ya barabarani ulipanda jioni umekula, umevaa nini, simu iko wapi, funguo za banda je? Kilo moja mbili zinapotea humo. Na siku za kukaribia hedhi wateja wangu wanaongezeka kiuno nusu inchi, wanadhani nimekosea mimi.

Nunua tepu ya fundi, haifiki hata elfu mbili. Zungushia usawa wa kitovu, pumua toa pumzi, usivute tumbo. Andika nyuma ya mlango. Nina mteja mizani ilimgomea kabisa, lakini nilimpunguzia sketi mara mbili kati ya Pasaka na Nanenane.

---

MpishiWaShughuli:

Shoga, salamu kutoka Tanga. Mimi napika pilau za harusi na maulidi, masufuria ya kusimamia kwa mwiko wa mti, kwa hiyo sikuhukumu, nakuona tu.

Umeandika unachokula. Hujaandika unachoonja.

Nami nilijiapiza hivyohivyo, nikawa sikai mezani kabisa siku za kazi. Nikawa najisifu, "Leo sijala kitu." Kumbe nimeonja chumvi ya mchuzi, nimeonja kama nyama imeiva, nimeonja kama nyama ya upande wa pili nayo imeiva, nimekwangua kachumbari. Mtu mmoja akanifundisha jambo, nami nakupa. Chukua bakuli lenye mfuniko. Siku moja tu ya kazi, kila kitu ambacho mkono unataka kupeleka mdomoni nje ya mlo wako, tia humo. Kijiko cha mchuzi, tia. Andazi lililoungua ubavuni, tia. Sambusa iliyopasuka, tia. Mtoto kabakiza, tia. Kuonja kwenyewe onja, lakini kwa ncha ya kijiko, na kijiko kilichobaki kiende bakulini. Jioni fungua utazame. Usituambie kabla hujatazama.

---

MamaBanda:

Nimerudi. Poleni kwa kimya, ilikuwa wiki ya mvua, bodaboda wote walijazana bandani.

Nesi, shikamoo tena. Nimebonyeza, hakuna shimo, ni uchovu wa kusimama tu. Sindano nachoma ndiyo, mwaka wa pili huu, nimeshaenda kuuliza na nimepangiwa kurudi wiki ijayo, na damu wamechukua. Presha imekuja 142 kwa 90. Bado, lakini yule daktari mdogo alitabasamu. Vidonge vya magoti sina. Uji wa lishe nimemrudishia mwenyewe, mjukuu wa dada yangu. Mimi nakunywa chai ya rangi na yai la kuchemsha na kiazi kitamu kimoja. Kimoja.

Kitambi wa Temeke, sitakujibu hadharani. Na sisi ni supu.

Sasa bakuli.

Nilichagua Alhamisi kwa sababu ndiyo siku ya wali wa nazi na maharage. Nikachukua lile bakuli langu la plastiki la bluu, la kuwekea nyanya, nikalikalisha pembeni ya jiko. Saa moja asubuhi lilikuwa na andazi moja na nusu. Hilo nusu hata sikumbuki nilitaka kulila saa ngapi, mkono ulikuwa unarudi kutoka kwenye beseni nikajishika mwenyewe kama namkamata mwizi. Saa nne maharage, vijiko vitatu: cha chumvi, cha nazi, na cha tatu sina sababu yake. Halafu mkia wa samaki, maana mkia humuuzii mteja, kwa hiyo miaka yote huwa ni wangu na sijawahi kuuita chakula. Mteja kaacha nyama mbili nzuri hazijaguswa, nani atatupa?

Saa tisa nikapakua sufuria la wali, nikabaki na ukoko.

Jamani ukoko wa wali wa nazi. Ule wa kahawia, umeshika mafuta ya tui chini, ukiubandua kwa upawa unatoka kipande kizima kama kigae, unalia ukiutafuna. Kila siku nasimama pale nimeegemea nguzo, wateja wamepungua, naula wote kwa mkono huku nahesabu hela. Ndiyo starehe yangu. Na nilipoorodhesha chakula changu hapo juu niliandika hadi karanga, ukoko sikuukumbuka! Si kwamba niliuficha. Haukunijia kichwani kabisa.

Basi nikautia bakulini, mfuniko ukakataa kufunga.

Nikaenda kwa jirani yangu wa bucha akanipimia, akatoa uzito wa bakuli. Robo tatu kasoro kidogo. Akaniuliza, "Hii unampelekea nani?" Nikamwambia mgonjwa. Jioni nikampa mlinzi wa duka la vifaa, mzee wa makamo mwenye mwili wake. Akala, akashiba, akanawa mikono akaniombea dua. Mtu mzima kashiba kwa kile ambacho mimi nilikuwa nakiita sijala.

Nilikaa kwenye benchi nikacheka peke yangu, halafu nikanyamaza.

FundiTepu, tepu nimenunua, 1,500. Kitovuni 108 siku ile ya bakuli. Leo, wiki tatu baadaye, 105. Mizani sijapanda. Ya barabarani sipandi tena, nitasubiri ya zahanati, asubuhi, na dera lilelile.

Mkia wa samaki sasa nakaanga naupanga na wengine, anayetaka anapewa kama nyongeza. Andazi lililoungua anakula mbuzi wa jirani. Karanga nanunua ya mia mbili, ile kikaratasi, mfuko siuingizi ndani. Umri sijui kama una mchango wake, labda upo, ila kwanza niondoe robo tatu ya kila siku ndipo niusingizie.

MpishiWaShughuli, nakuuliza wewe kwa sababu ndiwe utanielewa: huo ukoko nao unafanyaje?

---

MpishiWaShughuli:

Huo na mimi umenishinda, shoga. Nimekubaliana nao. Siku ya ukoko sichukui wali wangu wa mchana, nauweka kwenye sahani, nakaa chini, namwagia mchuzi kidogo, nakula kama mtu anayekula. Kipande cha ukubwa wa kiganja. Unaobaki namwagia maji papo hapo kabla sijabadili mawazo.

---

Kitambi_Temeke:

Kwa hiyo supu ndiyo imepita bila kupingwa?

---

MamaBanda:

Supu nakunywa. Chapati mbili nimewaachia nyinyi Temeke.