Kujifunza kuchora mandhari Mtwara na Lindi: nje juani au ndani studio?

ShanganiKwetu
Wakuu, naomba ulinganisho. Penseli naimudu, sasa nataka kuingia kwenye mandhari kwa rangi: bahari, mikoko, mikorosho, nyumba za zamani za Mikindani. Nina chumba chenye dirisha moja linalotazama kusini, simu yenye kamera nzuri, na asubuhi mbili kwa wiki. Njia ninazoziona ni tatu: kuchorea palepale nje, kupiga picha na kuchorea ndani, au kuchukua vichoro vidogo nje na kuja kujenga picha kubwa ndani. Ipi inafundisha haraka? Na nianze na rangi za maji, akriliki au za mafuta?

MwalimuRangi_Lindi
Njia ya tatu, ila miezi ya mwanzo uzito uwe nje. Sababu kubwa ni kamera yenyewe. Ukiielekeza simu kwenye mikoko saa 2 asubuhi inapima mwanga wa anga, na kivuli kilicho kwenye mizizi kinatoka cheusi tii. Ukigusa kioo ili ipime kivuli, anga inaungua na kubaki nyeupe tupu. Jicho linaviona vyote kwa pamoja: ndani ya kivuli kilekile kuna kahawia ya tope, kijani kilichofifia na bluu inayoshuka kutoka angani. Anayejifunza kwa picha za simu peke yake anazoea vivuli vyeusi, na mazoea hayo hayatoki kirahisi. Halafu lenzi ya kawaida ya simu ni pana, inavidogosha vilivyo mbali. Vilima vya upande wa Kitunda, ukivitazama kutoka ufukwe wa Lindi mjini, vina uzito wake. Kwenye picha vinakuwa mstari mwembamba. Ikibidi kutumia picha, vuta mara mbili na piga tatu za mahali pamoja: moja iliyopimwa angani, moja kivulini, moja katikati.

Ugumu wa nje ni jua kutosubiri. Linatembea nyuzi 15 kwa saa, na sisi tuko nyuzi 10 kusini ya ikweta, kwa hiyo linapanda karibu wima. Mwishoni mwa Februari na tena kuelekea tarehe 20 Oktoba linapita utosini adhuhuri: vivuli vinajikunja chini ya miti na mandhari yote inakuwa bapa. Muda wa kufanya kazi ni kuanzia kuchomoza kwa jua mpaka saa 3 asubuhi, kisha saa 10 hadi saa 12 jioni. Kichoro kimoja kisizidi saa moja na nusu.

Tumia ubao wa sentimita 20 kwa 25, usiende zaidi ya hapo. Dakika kumi za mwanzo usifungue rangi. Chora kwa penseli vijipicha vitatu vya ukubwa wa kiberiti, kila kimoja kiwe na ngazi tatu tu: giza, kati, nuru. Chagua kimoja. Ukihamia kwenye ubao, weka alama vivuli vilipo saa hiyo na usivifuate tena hata vikihama. Wengi wanaanza na kivuli cha saa 1 na kumaliza na cha saa 3, mti unaonekana una majua mawili. Yatangulie mabaka makubwa ya giza, ifuate anga, kisha vilivyobaki, kwa brashi bapa namba 8 mpaka ubao wote ufunikwe. Brashi ndogo isiguswe kabla ya robo saa ya mwisho. Nyuma ya ubao andika tarehe, saa, upepo na hali ya maji. Mchoraji John Constable alikuwa akiandika hivyo kwenye vichoro vyake vya mawingu huko Hampstead, Uingereza, 1821 na 1822, na kanvasi zake kubwa alizijenga ndani.

BintiMikindani
Mwalimu, mwisho wa hoja yako naukubali, mwanzo siukubali. Anayetoka mara ya kwanza na rangi kumi anapambana na upepo, mchanga, watu wanaosimama kuuliza, jua linalohama na kijani kisichochanganyika, vyote kwa mkupuo. Picha ikiharibika hajui kilichoiharibu. Mimi nashauri wiki tatu au nne ndani kwanza, kwa rangi mbili na nyeupe: bluu ya ultramarini na sienna ya kuchomwa (kahawia yenye wekundu). Ukizichanganya karibu sawa kwa sawa unapata giza zito linalokaribia nyeusi, na bado unaweza kuliegemeza kwenye ubaridi kwa kuongeza bluu au kwenye joto kwa kuongeza sienna. Nyeusi ya chupa haikupi nafasi hiyo.

Zoezi lenyewe: chora mraba wa ngazi tano kutoka nyeupe mpaka giza, uukaushe, uwe nao kama kipimo. Weka chungu, kifuu cha nazi na kipande cha jiwe la matumbawe pembeni mwa dirisha. Finya macho mpaka rangi zipotee yabaki mabaka. Kila baka lipe namba ya ngazi kabla ya kulipaka. Asiyeweza kutofautisha ngazi 3 na 4 kwenye kifuu kilichotulia mezani hataweza kwenye mkoko unaotikiswa na kusi.

Ushahidi uko kwenye nyumba za Mikindani. Ukuta wa chokaa ni mweupe, kila mtu anajua, ndiyo maana wanaoanza wanaupaka mweupe hata upande wa kivuli. Simama asubuhi, linganisha ukuta ulio kivulini na mchanga wa njia ulio juani: mchanga una nuru zaidi. Sasa tazama kivuli hichohicho kwa karibu. Sehemu ya juu chini ya paa ina bluu ya anga; ukishuka kuelekea msingi inageuka kuwa na udongo-udongo, karibu rangi ya chungwa iliyofifia, kwa sababu ardhi yenye jua inarudisha mwanga ukutani. Ukishaona badiliko hilo, ukuta mzima unachorwa na rangi zile mbili na nyeupe, hakuna haja ya nyingine.

MwalimuRangi_Lindi
Dada, rangi mbili nazikubali kabisa, ila nenda nazo nje. Badiliko hilo la ukutani umelieleza ukiwa umesimama mtaani, si mezani. Chungu cha dirishani kina mwanga wa upande mmoja tu.

BintiMikindani
Ndiyo maana nikasema wiki nne, sikusema mwaka. Anayejua kupima ngazi ataukuta ukuta ule ukimngoja.

KaratasiNaMaji
Niingie kwenye swali la rangi, maana hapo hali ya hewa yetu inaamua mengi.

Akriliki ndiyo rahisi kuanza nayo: haina harufu, inafunika makosa, brashi zinaoshwa kwa maji. Lakini juani inakauka kwenye paleti kabla hujamaliza kuchanganya. Dawa yake ni kontena la chakula lenye mfuniko: tandika kitambaa cha jikoni kilicholowa, juu yake weka karatasi ya kuokea mikate, rangi ikae juu ya karatasi. Inabaki laini asubuhi nzima, na ukifunika unaikuta kesho yake. Beba chupa ya kupulizia maji. Kumbuka akriliki ikikauka inazidi giza kidogo, kwa hiyo anga ichanganye nyepesi kuliko unayoiona. Brashi ikiachwa nje ya maji dakika chache tu imekwisha.

Rangi za maji ndizo nyepesi kubeba: tyubu tano au sita, brashi mbili, lita moja ya maji, vikopo viwili (kimoja cha kuoshea, kimoja kibaki safi). Karatasi iwe ya gramu 300 kwa mita ya mraba na iwe ya pamba. Ya gramu 200 inajikunja na rangi inakusanyika mabondeni. Kata vipande vya sentimita 19 kwa 28. Tofauti na akriliki, hizi zikikauka zinapauka, basi paka kwa nguvu kidogo kuliko unavyotaka. Kinachowashinda watu pwani ni anga: kwenye joto la kaskazi upako unakauka ukiwa katikati na kuacha kingo ngumu. Lowesha karatasi mbele na nyuma, ibandike kwenye kipande cha plastiki, paka anga yote kwa mara moja bila kurudi nyuma. Masika yakiingia mambo yanageuka, karatasi haikauki, na ukichorea juu ya unyevu kingo zote zinavuja.

Kwa mwanzo wako ndugu: akriliki ndani, rangi za maji nje.

Mkorosho_Newala
Nina neno kuhusu rangi za mafuta, maana huku juu kwenye uwanda ndizo zinazofaa zaidi. Hazibadiliki sana zikikauka, na zinakupa muda wa kulainisha kingo, jambo unalolihitaji ukichora umbali. Ukisimama ukingoni Newala ukatazama bonde la Ruvuma hadi Msumbiji, unaona tabaka baada ya tabaka. Kanuni ya vitabuni kwamba cha mbali ni cha bluu huku inategemea mwezi. Baada ya mvua ni kweli, bluu safi. Kiangazi watu wakichoma mashamba, moshi unaifanya tabaka ya mbali iwe ya kijivu yenye unjano, na ukiweka bluu picha inadanganya. Kisichobadilika ni hiki: kadiri unavyokwenda mbali, giza linapungua na tofauti kati ya giza na nuru inapungua. Changanya kwanza tabaka ya mbali kabisa na ya karibu kabisa, uziweke pembeni kwenye paleti, halafu tafuta za katikati.

Mkorosho nao una mtego wake. Machipukizi ni mekundu ya kahawia, majani makomavu ni ya kijani kizito, na chini ya mwavuli wake kuna giza lenye joto. Kijani cha tyubu usikitumie kikiwa kitupu. Ultramarini na oka ya njano, ukiongeza sienna kidogo, inatoa kijani cha majani makavu. Ultramarini na njano ya limau inatoa machanga.

Ubao: hadibodi ya milimita 3, upande laini, upigwe msasa, upakwe jeso (rangi nyeupe ya msingi) mikono miwili au mitatu. Usiporuka hatua hiyo mafuta hayanyonywi na rangi haizimiki. Paka na upande wa nyuma mkono mmoja, la sivyo unyevu wa pwani unaupinda. Tabaka ya kwanza iwe nyembamba kwa tapentaini, zinazofuata ziwe na mafuta ya kitani zaidi. Ukigeuza utaratibu, ya juu inakauka kabla ya ya chini na kupasuka. Matambara yenye mafuta ya kitani usiyarundike: yanajipasha yenyewe mpaka yanaweza kushika moto. Yatandaze nje yakauke, au yatie kwenye kopo la maji lenye mfuniko.

Kuhusu enameli ya duka la vifaa vya ujenzi: Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliitumia kwenye hadibodi na ikampendeza kila mtu, kwa sababu mtindo wake ni wa mabaka bapa na mistari safi. Anga inayofifia polepole haiwezi.

ShanganiKwetu
Asanteni sana wakuu. Yamebaki mawili. Dirisha langu la kusini linafaa? Na nikitaka kurudi mahali palepale kumalizia picha ya mikoko, inawezekana?

BintiMikindani
Dirisha una bahati nalo. Vitabu vya Ulaya vinasema dirisha la kaskazini kwa sababu kwao jua liko kusini; huku ni kinyume. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua halikupigi kabisa, unapata mwanga wa anga uliotulia. Oktoba hadi Februari linaingia kwa mshazari, hasa asubuhi na jioni, hapo tundika kitambaa cha marekani cheupe. Usiku tumia balbu ya LED ya Kelvini 5000 (mwanga mweupe kama wa mchana), na kama boksi linaonyesha kipimo cha CRI, yaani jinsi mwanga unavyoonyesha rangi kwa usahihi, kiwe 90 au zaidi. Balbu ya njano itakudanganya kwenye bluu zote.

MwalimuRangi_Lindi
Mikoko inawezekana ukihesabu mwezi. Maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ukirudi baada ya siku mbili saa ileile, maji yako mahali pengine kabisa: mizizi uliyoichora iko chini. Hali ileile kwa saa ileile inarudi baada ya wiki mbili hivi. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, hupwa asubuhi, karibu saa 4 au saa 5, na hujaa jioni kuelekea saa 10, basi mizizi na tope panga kwa mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Na ukirudi, kaa kama ulivyokaa. Upeo wa bahari uko usawa wa macho yako: ukikaa unashuka nawe, ukisimama unapanda, na mashua iliyokuwa inakata upeo inajikuta yote chini yake.

KaratasiNaMaji
Nyongeza ya haraka kabla hujatoka. Kusi likivuma, funga mfuko wa mchanga chini ya stendi ya kuchorea, kilo tatu hivi. Karibu na bandari au kambi usifungue stendi wala kamera bila ruhusa, na mitaani mwone kwanza mwenyekiti wa mtaa. Karatasi za pamba zihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ukungu ukishaingia kwenye karatasi, rangi inanyonywa madoa-madoa na hakuna namna ya kuirekebisha.